Kumwona bingwa kuhusu ukomo wa hedhi: Dodoma hapa hapa, Dar, au kwa video?

MamaIpagala: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 48. Hedhi inaruka miezi miwili, ikirudi inakuja nzito. Usiku nalowa jasho mpaka nabadilisha khanga, na huu ni Julai, Dodoma nzima imejifunika blanketi. Nimeamua kulipia mwenyewe nimwone bingwa anipe muda. Nichague yupi: wa hapa, nipande SGR niende Dar, au wa kwenye video? Na niende nimejiandaa vipi?

Binti wa Kondoa: Dar mabingwa ni wengi, unachagua. Niliyemwona mimi alinisikiliza bila haraka, sijutii. Ila piga hesabu ya kurudi. Ukianzishiwa dawa za homoni za kupunguza dalili hizi, kwa kawaida unaitwa baada ya miezi mitatu hivi, wakuangalie zinakukubali vipi. Nauli tena, pa kulala tena.

NesiMakole: Dada, mimi nakushauri uanzie hapa. Usihangaike kutafuta kibao cha "bingwa wa ukomo wa hedhi". Tafuta bingwa wa magonjwa ya wanawake; Hospitali ya Benjamin Mkapa wapo, hospitali ya rufaa ya mkoa wapo, na baadhi wana kliniki zao jioni. Uliza mapokezi nani anaona sana wanawake wa umri wako.

Video ni nzuri kwa kufuatilia, au kama uko Mpwapwa na barabara ni shida. Kwa mara ya kwanza, na damu nzito kama yako, hapana. Unahitaji kupimwa presha, kuchunguzwa, pengine na ultrasaundi. Kwenye simu hayo hayafanyiki.

Na tafadhali usikimbilie maabara kulipia vipimo vya homoni kabla ya kumwona daktari. Ukishavuka 45, dalili na mwenendo wa hedhi mara nyingi vinatosha, kwa sababu homoni zenyewe zinapanda na kushuka. Walio chini ya 40 ndio hasa wanaohitaji vipimo hivyo.

Hela yako iende kwenye muda wa daktari. Sasa muda huo usiumalize kwa kukumbuka tarehe. Andika nyumbani: hedhi ya mwisho, jasho linakuja saa ngapi, usingizi, maumivu ya tendo la ndoa (liandike hata kama ni aibu kulitamka, umpe karatasi asome). Andika kama mji wa mimba bado upo, maana mwenye nao hapewi estrojeni (homoni ya kike) peke yake, anaongezewa projestojeni, homoni nyingine ya kulinda ukuta wa ndani wa mji huo. Saratani ya matiti, damu kuganda miguuni, ini, vyote vitaje. Damu ikiwahi kuganda, uliza kuhusu homoni za kubandika au kupaka badala ya vidonge. Na dawa za mizizi unazokunywa, beba na kichupa chake.

Baba Nkuhungu: Samahani kuingia kikao cha akina mama. Mke wangu aliingia peke yake kwanza, akaniita mwishoni. Naona ni utaratibu mzuri, kuna mambo asingeyasema nikiwepo, na mimi nikasikia maelezo ya dawa kwa masikio yangu.

Binti wa Kondoa: NesiMakole umenifungua macho kwenye vipimo. Mama, anza hapo hapo Dodoma. Dar iwe ya kupata maoni ya pili.

MamaIpagala: Asanteni sana, nabaki hapa. Nimeanza kuandika. Ya jana: "Nimeamka mara mbili, mto umelowa. Damu imeanza mchana, mabonge, pedi inajaa ndani ya saa moja." Miadi nimepewa ya wiki ijayo.

NesiMakole: Bado inajaa hivyo hivyo hata leo? Basi usisubiri miadi, dada yangu. Nenda hospitali sasa hivi, mtu akusindikize, na hasa ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Daftari lako nenda nalo. Ukifika tuandikie.