Nimemkaribisha rafiki kwetu kaskazini, sasa silali

Mwana_wa_Laropi: Wakuu, shikamooni. Nilikuwa na rafiki yangu kwenye meli ya mvuke, tumetoka bandari ya Nakiwogo, Entebbe hapa Uganda, asubuhi kwenda visiwa vya Kalangala. Upepo mwanana, yeye anamenya chungwa na kunimegea, nikajikuta nasema, "Kiangazi njoo kwetu wilayani Moyo, ukae mwezi mzima." Akakubali palepale. Tarehe 20 Desemba anapanda basi. Nimzuieje bila kumuudhi?

Mama_Sabuni: Moyo Desemba jua halina huruma! Abebe shuka nyepesi. Mimi niliolewa Adjumani, wiki ya kwanza nililala uani kwenye mkeka, mama mkwe anacheka mpaka machozi.

Kasuku: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa mwezi mpe na ng'ombe wa kulimia.

Fundi_Redio: Umemwalika mwenyewe, sasa hutaki aje. Kuna kitu umekificha.

Mwana_wa_Laropi: Hakuna.

Mwana_wa_Laropi: Haya basi. Ananidai shilingi 900,000. Nilimwambia ni za mabati ya nyumba yangu karibu na kivuko cha Laropi. Nyumba haipo. Nilitoa kianzio cha bodaboda. Lakini bodaboda inaingiza hela, sikuzila! Na nimeshaongea na kaka, atanipa nyumba yake mwezi huo. Shemeji amekubali kuniita mwenye nyumba.

Ustaadh_wa_Arua: Deni lako, uongo wako, na sasa unamtwisha shemeji. Watoto wa kaka utawafundisha nao wakuite baba?

Mwana_wa_Laropi: Watoto watakuwa kwa bibi yao.

Nahodha_Mstaafu: Ngojeni kwanza. Meli ya mvuke ipi? Meli ya njia hiyo, MV Kalangala, inatumia dizeli, tangu ilipoanza 2006. Tena Nakiwogo inaondoka saa nane mchana, asubuhi ndipo inatoka Lutoboka, upande wa Kalangala. Stima za mvuke ni za enzi za marehemu baba, aliyepandia Butiaba, Ziwa Albert. Kutoka Pakwach zilikuwa zinashuka na Nile mpaka Nimule, mpakani na Sudan Kusini ya leo, zinapita hapo hapo Laropi. Ziwa Albert lilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ya Butiaba ikaingia maji. Huyu kijana kaota.

Kasuku: Kumbe cha kweli ni chungwa tu!

Mwana_wa_Laropi: Mzee, nimeandika kwa haraka. Tulikuwa tunarudi, si kwenda. Na moshi ulikuwa mweusi, nikadhani ni mvuke.

Nahodha_Mstaafu: Mvuke hauwi mweusi.

Mama_Sabuni: Kwa hiyo shuka abebe, asibebe?

Fundi_Redio: Tumalize ubishi. Weka picha ya hiyo bodaboda.

Mwana_wa_Laropi: Kaka ameiazima, amekwenda nayo Moyo mjini kununua rangi ya mlango.