Pawasoo ya marehemu mjomba imechoka: nitengeneze au ninunue ya Kichina?

Kijana wa Mtongwe

Salaam aleikum jamaa. Nina pawasoo (msumeno wa injini), Stihl MS 381, niliyoachiwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Kazi yangu ni kuangusha minazi iliyozeeka na miembe inayoegemea mabati ya watu huku Likoni, Mombasa. Asubuhi inawaka vizuri na gogo la kwanza inalipasua, lakini ikishapata moto inazima yenyewe, na hapo ni kuvuta kamba mpaka bega liume. Ikipoa, inawaka tena. Kamba yenyewe siku hizi nyepesi, hata kijana wangu wa darasa la sita anaivuta.

Nimebadilisha plagi, nimeosha kabureta, nimetia chujio jipya la hewa. Wapi! Fundi mmoja kule kisiwani kaniambia ni silinda na pistoni, 14,000 pamoja na ufundi, na hata hajaifungua. Kwa pesa hiyo si bora nitafute ya Kichina, mpya na boksi lake? Oili sina shida, natia ile ya mashine ya boti, napewa na jamaa yangu mvuvi.

Nyundo Kisauni

Ya Kichina ninayo, 58 cc. Matawi ya mwarobaini na mvinje inamaliza bila maneno. Mnazi mzee sikudanganyi, inalia mpaka jirani atoke nje. Kama minazi ndiyo unga wako, fikiria mara mbili.

Fundi wa Mwembe Tayari

Waaleikum salaam mwanangu. Hujatoa shilingi bado? Vizuri. Geuza hilo kopo la oili usome. Kukiwa kumeandikwa TC-W3, hiyo ni ya injini inayopozwa kwa maji. Mashine ya boti ina bahari nzima ya kujipoza. Pawasoo ina upepo tu wa flaiwili, lile gurudumu lenye mapezi, moto wake ni mwingine kabisa, na oili ile haikutengenezewa moto huo. Ringi za pistoni zinaganda, pistoni inaanza kujikwaruza, kompresheni (nguvu ya kubana hewa) inapotea, na kamba ndiyo hiyo inakuwa nyepesi. Hapa kwetu Pwani mashine nyingi zinakufa hivi, maana oili ya boti unaipata hata kwa jirani. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD, mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Pima kwa sindano ya duka la dawa, achana na mambo ya kifuniko cha soda.

Sasa kuikagua, na hili halitaki fundi. Fungua ekzosti, kisha vuta kamba polepole huku unamulika tochi tunduni. Pistoni utaiona ikipanda na kushuka. Mikwaruzo ya wima upande huo wa ekzosti ni kazi ya joto na oili. Upande wa kabureta ukiwa umefifia kama uliopigwa msasa, basi ni vumbi lililopenya chujio, na hapo kesi ni nyingine.

Halafu fungua upande wa kamba, shika flaiwili, isukume juu na chini. Ikicheza, beringi za krenki, ule mhimili wa injini, zimekwisha. Kuzibadilisha lazima injini ipasuliwe yote, na hapo mimi mwenyewe nitakwambia iweke ya vipuri ukatafute nyingine. Isipocheza, usiiuze kwa mtu yeyote.

Kijana wa Mtongwe

Shukran mzee wangu. Kopo ni TC-W3 kweli. Pistoni ina mikwaruzo upande wa ekzosti, mmoja unashika kucha. Flaiwili imetulia tuli. Sasa ile 14,000 ni haki?

Fundi wa Mwembe Tayari

Bei ya mwenzangu siisemi. Lakini silinda ya asli usikubali itupwe kabla ya kuangaliwa ndani. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya ukuta. Asidi ile ya kusafishia vigae, kidogo kwenye pamba ya kijiti, inaila alumini ikaacha ukuta mgumu wa silinda. Isiguse matundu, vaa glovu, fanyia nje. Osha kwa maji mengi, pitisha msasa laini. Ukuta ukitoka mzima, unanunua pistoni na ringi tu, ya milimita 52. Nenda dukani na ya zamani mkononi, wasikuuzie kwa macho.

Na kabla ya kuifunga, sili za krenki (mipira ya kuzuia hewa) zipimwe. Sili ikivuta hewa, petroli inakuwa haba ndani na pistoni mpya itaungua kama ya kwanza, oili iwe nzuri vipi. Ziba njia ya kabureta na ya ekzosti kwa kipande cha tyubu, tia hewa kidogo tundu la plagi kwa pampu ya baiskeli, paka povu la sabuni. Kunapotoka mapovu ndipo penye ugonjwa.

Nyundo Kisauni

Fundi, na mimi hii yangu nailisha TC-W3 😅

Fundi wa Mwembe Tayari

Imwage leo. Kijana wa Mtongwe, ukija kwangu beba na cheni na baa yake. Mnazi unamaliza meno upesi, na cheni butu inakufanya uikandamize mashine ichemke bure. Tupa ya kunolea cheni yako ya 3/8 ni milimita 5.2. Ijumaa usije mchana, hunikuti.