Lugha ya kubuni: kitenzi kibebe siku, au kazi hiyo iachiwe "jana" na "leo"?

Mwanzilishi, Kisumu
Tuko wanne, tunachora katuni ya watu wanaoishi chini ya Ziwa Victoria, na tumekubaliana wawe na lugha yao. Majina ya vitu tumemaliza. Vitenzi ndivyo vimetugombanisha, jana nusura turushiane viti.

Wawili wanataka mtindo wa Kiesperanto, lugha ambayo Zamenhof, daktari wa macho, aliitoa Warsaw mwaka 1887. Kitenzi huishia -as kwa wakati uliopo, -is uliopita, -os ujao. Hakibadiliki awe ni mimi, wewe au wao, na hakuna hata kimoja kilicho mkaidi kama "kuja" yetu inayogeuka "njoo".

Mimi nakataa. Nenda ufuoni Dunga asubuhi uulize samaki. Kwa Dholuo muuzaji akianza na "nende" ni leo hii, "nyoro" ni jana, "nyocha" ni juzi, na bei inashuka kwa mpangilio huo huo. Kiswahili kinasema "alivuliwa" kisha kinanyamaza. Hiyo -li- yaweza kuwa saa moja iliyopita au enzi za mkoloni. Watu wa samaki hawawezi kuishi na wakati uliopita mmoja. Nataka tatu, ndani ya kitenzi. Mwasemaje?

Muuza samaki, Kibuye
Mteja wangu hasikilizi kitenzi. Anafunua mashavu ya samaki aone kama bado ni mekundu.

Mwalimu, Kakamega
Ndugu, mfano wako unawasaidia wapinzani wako. "Nyoro" husimama peke yake na maana yake ni "jana" tu. Ungetaja Kikuyu ungekuwa salama zaidi, maana huko kitenzi chenyewe hubadilika kati ya cha leo, cha jana na cha zamani.

Halafu kuna swali hukuligusa: siku yao inaanza lini? Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Aliyenaswa saa nane usiku ni wa jana au wa leo? Ukishindwa kujibu hapo, nyakati zako tatu zitakuwa mzigo bure.

Msomaji, Nakuru
Kwangu siku si muhimu. Muhimu ni nani aliona. Kituruki kina "geldi", alikuja na najua, na "gelmiş", alikuja, nasikia tu. Sisi tunabandika "eti" mbele na kusonga. Wapeni hao watu wenu kiambishi cha uvumi, kijiji chote kitapata adabu.

Mwanzilishi
Mwalimu, kwa "nyoro" umenishinda. Lakini umenipa kitu. Walio chini ya maji hawalioni jua vizuri. Wanaona taa za omena juu yao. Basi nyakati zilizopita ziwe mbili: tangu taa za mwisho kuzimwa, na kabla yake. Wa saa nane usiku ni wa kabla ya taa kuzimwa, swali limekwisha. Uvumi wa Nakuru nauweka akiba, wahusika wetu wana maneno mengi.

Muuza samaki, Kibuye
Na mwezi ukiwa mpevu? Taa hazivuti omena, wavuvi wanalala nyumbani.

Mwanzilishi
Basi siku zote hizo ni "leo", mpaka taa zirudi. Nimewasomea wale wawili. Mmoja ameshika kiti tena, mwingine ameanza kuchora huo mwezi.