Naomba ushauri: umati wa likizo ya Machi ufukweni

Habari zenu wakuu. Kamati yetu ya wakazi, mji mdogo wa pwani hapa Florida, inaandaa mapendekezo kuhusu likizo ya wanavyuo ya mwezi Machi, na tumekwama.

Panama City Beach, mji mwingine wa pwani hapa hapa Florida, walipiga marufuku pombe mchangani Machi nzima, na mwisho wa kuuza pombe ukawa saa 8 usiku badala ya saa 10. Miami Beach mwaka 2024 walitoza maegesho dola 100 wikendi zenye msongamano, na kukagua mabegi penye njia za kuingilia ufukweni.

Sisi tumezuia chupa za kioo, tumeongeza mapipa ya taka na doria ya jioni. Mchanga umekuwa safi kidogo, ila ulevi umehamia kwenye maegesho na nyumba za kupangisha: anasaini mmoja mwenye miaka 25, wanalala 20. Asubuhi mtoto akichimba mchanga bado anaibua kizibo au kigae cha chupa. Inauma sana.

Naomba kujua: faini ya kuzidisha watu ipigwe kwa mwenye nyumba au kwa mpangaji? Na ada ya maegesho ipangweje isifukuze familia zinazokuja kushinda tu?