Mjadala: Ngazi za Lamu zirekebishwe kwa viti vya magurudumu, au urithi usiguswe?

Mwanzisha mada:
Wana Amu, asalaam aleikum. Kila nikikaa barazani naisikia hoja hii: mji wetu wa kale wa Lamu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo ngazi za afisi zisiguswe. Mwenye kiti cha magurudumu abebwe, watu wa Amu wana huruma. Huruma hiyo nimeishiba. Miaka kumi na mbili nashushwa botini kama gunia, na anibebaye ndiye aamuaye nisafiri saa ngapi.

Sadaka ni ibada, sikatai. Lakini mwaka 1920 vipofu wa Uingereza walitembea kwa miguu kutoka Manchester, Leeds na Newport hadi London wakidai haki, si sadaka. Hapa Kenya vipofu waliunda chama chao 1959, kabla ya Uhuru. Machi 1990, Washington, watu wenye ulemavu waliviacha viti vyao vya magurudumu chini wakazipanda ngazi za bunge kwa kutambaa. Julai mwaka huo huo rais wa Marekani akatia saini sheria ya haki zao. Sisi sheria hatukosi: ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha, na kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja kufikia mahali pote na usafiri wa umma. Tunangoja nini?

Fundi wa Mkomani:
Ndugu yangu, sikupingi. Ila kuta zetu ni matumbawe na chokaa. Ukizibandika saruji, unyevu hufungika ndani na ukuta humeguka. Na usita wenyewe, kichochoro hiki, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Rampu utaiweka wapi?

Mama wa Langoni:
Punda ana njia, mwanangu hana! Madrasa iko orofani, ngazi kumi na moja, basi akabaki nyumbani. Nani kasema saruji? Mji unaochonga majahazi utakosa ubao wa kutandika asubuhi na kuondoa jioni?

Fundi wa Mkomani:
Ubao nakubali, mama. Hilo nalifanya mimi mwenyewe, wiki hii, nionyeshwe mlango tu. La orofani ni gumu. Heri darasa lishuke chini.

Mwanzisha mada:
Ahsante fundi. Sasa gatini: pale saruji imo tayari, na maji yakipwa ngazi zina utelezi hata kwa mzima. Hapo ni urithi gani unaolindwa?