Mrashi wa 38,000 na simba asiyenguruma

MjukuuWaMkomani:
Sijatia kitu kinywani tangu adhuhuri, na sili mpaka niandike. Yule bwana mnamjua. Hakuna nyumba hapa Amu, kisiwani Lamu, ambayo hajaiuzia kitu cha bibi yake marehemu. Kwa hesabu yangu bibi huyo alikuwa na vyetezo mia nne na mirashi elfu, akafa kwa kukosa pa kulala.

Mimi kaniuzia mrashi, chupa ya kunyunyizia marashi, wa arusi ya dada yangu. 38,000, taslimu. Kaugeuza kitako nikaona mihuri: simba, nanga, taji, kichwa cha malkia. "Fedha ya Kiingereza, 925 kwa elfu, umefuliwa 1920." Wallahi tatu juu yake.

Jana mama kausugua kwa ndimu, bega likatoka manjano kama meno ya mvuta kiko. Nikatafuta lenzi. Jamani, simba, ule mhuri wa kuthibitisha fedha, ni paka! Tena wale wa sokoni, wanaongoja matumbo ya samaki. Nanga ni mhuri wa wapima fedha wa Birmingham, taji ni la wale wa Sheffield, basi mrashi huu umepimwa miji miwili, labda ulipanda treni. Kichwa cha malkia kilikuwa alama ya ushuru, wameacha kukipiga tangu 1890. Na pembeni pamepitishwa tupa, ila tupa ilichoka: E na P zimekwenda, NS inasomeka. EPNS! Shaba yenye nikeli, iliyochovywa fedha!

Nikamfuata Mkunguni, mbele ya Ngome, baraza imejaa wazee. Nikamwonyesha paka wake. Akaangalia, akamalizia kahawa, akasema kwa sauti ya kuadhini:

"Sasa wewe ulitaka simba angurume?"

Wazee walicheka mpaka kofia zikaanguka. Muuza kahawa alicheka. Punda aliyekuwa amefungwa pale alicheka, nimemwona kwa mato yangu. ANGURUME! Mimi nadai 38,000, yeye ananiuliza angurume!

PundaMchovu:
Pole mkuu. Swali dogo tu: alinguruma?

BintiShela:
Yaani ulilipa kwanza, lenzi ukaitafuta baadaye. Halafu mwenye makosa ni paka.

MjukuuWaMkomani:
Sikuja kuchekwa mara ya pili. Mtu mzima, ndevu nyeupe, mbele ya wakwe zangu watarajiwa, anasema angurume.

SonaraMstaafu:
Vijana, tulizaneni. Sumaku msiiamini: fedha haishiki, na nikeli ya namna hiyo haishiki vilevile. Mkwaruze mahali pasipoonekana, umpe sonara atie tone la asidi ya nitriki, wewe usiiguse. Tone likigeuka kijani, umeliwa. Na kabla ya kulipa, upulizie mhuri pumzi ya kinywa. Kama kuna kiraka kilicholehemiwa, mara nyingi mstari wake hujitokeza kwenye ule ukungu. Nimewahi kushika chetezo chenye mihuri ya kweli kabisa, iliyokatwa kwenye kijiko. Kijiko kilikuwa cha fedha, chetezo cha bati.

PundaMchovu:
Kijiko kimefia ugenini.

MjukuuWaMkomani:
Ahsante mzee wangu. Lakini hebu niambie wewe, mteja kaja na mali mkononi, unamwambia angurume?

SonaraMstaafu:
Mwanangu, mimi ningekurudishia pesa. Ila ningecheka kidogo.

MtuWaLangoni:
Heri wewe. Mimi niliuziwa reale, ile sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, nikajisifu mtaa mzima kwamba ni ya 1780. Kumbe zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka mia na hamsini baadaye! Huyo mama kafa mwaka huo na mpaka leo yuko kazini.

SonaraMstaafu:
Hiyo si lazima iwe bandia. Zilipigwa Vienna, London, hata Bombay, kwa tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa hawataki nyingine. Ipime tu: gramu 28 na kidogo. Sisi masonara tulikuwa tukiziyeyusha tukafua vikuku.

MtuWaLangoni:
Yangu ina gramu 19.

SonaraMstaafu:
Basi hiyo ni bandia.

BintiShela:
Kaeni na visarafu vyenu. Shemeji yangu kanunua mlango wa kuchonga "wa karne ya 18". Mvua ya kwanza, rangi yote ikashuka kizingitini. Tukanusa: chai. Mlango umepakwa chai ya rangi, nadhani na tangawizi imo.

PundaMchovu:
Mngeutilia maziwa.

NahodhaKando:
Nyote mmeibiwa kwa hiari yenu. Mimi yeo asubuhi nimevuka Mokowe, na mimi Mwamu wa kuzaliwa, kijana wa boti kanitoza nauli ya mtalii kwa sababu nimevaa kaptula!

BintiShela:
Kaptula gani hiyo?

NahodhaKando:
Ya maua.

MtuWaLangoni:
Basi hana makosa kijana wa watu.

MjukuuWaMkomani:
Wadau, arusi ni Alhamisi. Mrashi niupeleke au nisiupeleke?

BintiShela:
Nahodha, na ulipokuwa ukirudi akakutoza ngapi?

NahodhaKando:
Wee! Ngoja nikuhadithie.