Ngiri wamehamia shambani kwangu, na jirani anawalisha. Nifanyeje?

Mama Sita, Barut: Wadau, hamjambo. Nakaa karibu na uzio wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Wiki ya tatu sasa ngiri wanne, mama na watoto watatu, wanapenya chini ya waya mchana kweupe. Wanapiga magoti kabisa, kama wako kanisani, na kuchimbua viazi vitamu kwa pua. Ukigonga mabati wanatoroka mikia juu; ukimaliza kunywa chai wamerudi. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mzee jirani anawatupia makoko ya ugali ili wajukuu wapige picha. Nami nina nguruwe sita bandani, mmoja ana mimba. Nitamwambiaje mzee wa watu?

Kijana wa Lanet: Tega kamba. Nyama imepanda bei 😂

Daktari wa Mifugo: Huyo asikupeleke jela. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha na nyama ya msituni. Mimi viazi sivililii, nahofia banda. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na kupe wa kwenye mashimo yao huwaambukiza nguruwe wetu. Haina tiba; inaweza kumaliza banda zima. Ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapahapa Kenya, 1921. Zungushia banda seng'enge mbili zilizoachana, na viatu vya shambani visiingie humo.

Nilirudi Juzi: Nimeishi Berlin. Kule ni nguruwe mwitu, si ngiri, lakini chanzo ni kilekile: wakizoea chakula cha watu hawaogopi tena. Kuwalisha kunakutoza faini.

Shosho wa Njoro: Mama, usiende na lawama. Nenda na mayai, umweleze habari za huyo mwenye mimba. Seng'enge ya shamba ifukie chini, ngiri ni mchimbaji.

Mama Sita, Barut: Asanteni. Nilienda jana jioni. Kumbe mzee ana nguruwe wake kwa mwanawe huko Molo, na huwa anawatembelea na gambuti zilezile! Alinyamaza muda mrefu. Makoko sasa ni ya kuku. Askari wa mbuga wameziba tundu kwa mawe, ila mama ngiri amepata lingine. Leo asubuhi alifika pale mzee alipokuwa akitupa makoko, akanusa, akakuta patupu, akageuka kunitazama mimi.

Kijana wa Lanet: Anajua ni wewe.